Kitu Namba 214.2

Nilikwenda mjini Stornoway kung'oa jino, niliporudi nikamkuta Mzee Murdo kapewa namba. Imeandikwa kwenye kikaratasi cheupe, kikaratasi kimefungwa kwa uzi wa pamba kwenye tundu la kifungo cha sweta lake, na mwenyewe kakaa kwenye benchi lake kando ya moto anakunywa chai kana kwamba hakuna lililotokea. Shavu langu lilikuwa bado na ganzi ya sindano, kwa hiyo nilipotaka kufoka maneno yalitoka yamepinda.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Namba yangu. Benchi ni 214.1, mimi ni 214.2. Muulize Nolwenn, yeye ndiye msomi."

Mimi naitwa Dolina. Huu mwaka wa kumi na tisa naangalia makumbusho ya kijiji cha Grianabost, hapa kisiwani Lewis, na makumbusho yenyewe si ya kumtisha mtu: ni nyumba moja ya kale ya mawe, paa la nyasi, na ndani vyombo vya wazee wetu vimezungushiwa kamba ili wageni wasivishikeshike. Nyumba ilikuwa ya kina Murdo. Alizaliwa humo mwaka 1938, kwenye kile kitanda chenye milango ambacho watalii hawaishi kukipiga picha. Alipopewa nyumba ya halmashauri ng'ambo ya barabara, hii ya zamani akaikabidhi kwa chama chetu cha historia pamoja na kila kilichokuwemo. Kesho yake saa nne asubuhi akarudi, akavuka kamba, akakaa kwenye benchi. Toka siku hiyo huja kila siku ila Jumapili, na huondoka saa kumi na moja jioni tunapofunga. Wageni hudhani ni mwigizaji, na wengine humsifu kwamba anaigiza uzee vizuri.

Nolwenn ndiye mwanafunzi wetu wa mwaka huu. Kila kiangazi chuo kikuu cha bara hutuletea mmoja wa wale wanaosomea uzamili wa lugha na mambo ya kale ya Wakelti, aje afanye kazi ya urithi kwa vitendo wiki kumi na mbili. Yupo aliyerekodi upepo majira yote, akaondoka na saa mia mbili za upepo, nasikia alipasi vizuri sana. Huyu Nolwenn ni Mbretoni, mtu wa ng'ambo ya bahari, mwembamba, miwani kubwa, mpole kupita kiasi. Kigaeli, lugha yetu ya hapa kisiwani, alikisoma kwenye maandiko ya watawa wa miaka elfu iliyopita, kwa hiyo siku ya kwanza hakuweza kuniomba chumvi, lakini angeweza kuwalaani ng'ombe wangu kwa ufasaha mkubwa. Alikuja na faili nene linaloitwa Mwongozo. Kazi yake ilikuwa kusajili kila kitu kilichomo ndani ya kamba, asibakize hata sindano, na asipomaliza kufikia mwisho wa Agosti hapati shahada.

Lakini kabla hujamcheka mzee na kikaratasi chake, ujue jambo moja. Mwezi wa tatu Mzee Murdo alisahau kuzima jiko la gesi. Nilinusa nikiwa barabarani, nikaingia nikamkuta amesinzia kitini, dirisha limefungwa. Nilizima jiko, nikafungua kila dirisha. Jioni hiyo hiyo nikampigia simu Kenneth, mtoto wa marehemu dada yake, anakaa Inverness. Kenneth ni mtu mwema na mwepesi wa kutenda, na ndani ya wiki mbili alishapata chumba kwenye makao ya wazee karibu na kwake, dirisha linatazama bustani. Akaandika barua kwamba tarehe ishirini na nane Agosti atakuja na gari kumchukua mjomba wake.

Mzee aliisoma barua ile akaiweka mfukoni. Siku tatu hakusema neno, na mtu huyu hata akiwa amelala huongea. Siku ya nne akaniambia, "Dolina, kufa siogopi. Naogopa kukaa miaka kwa watu nikitabasamu tu. Kiingereza ninacho, cha kuuzia kondoo na kumjibu daktari. Cha kuongea sina."

Nikamwambia atazoea. Ndiyo, mimi huyu niliyekuwa nimepiga simu, nilimtazama usoni nikamwambia atazoea.

Basi tuendelee na namba. Nilimvuta Nolwenn nje, kwenye ukuta wa zizi la kondoo.

"Hebu nieleze, mwanangu. Ulikuwa unasajili benchi. Ukafikaje kwa mtu?"

"Hakutaka kunyanyuka, mama."

"Si ungesubiri aende chooni."

"Nilisubiri. Hakwenda." Akafungua lile faili lake. "Mwongozo unasema vitu viwili visivyoweza kutenganishwa bila madhara visajiliwe pamoja. Nikamuuliza kama anaweza kutenganishwa na benchi. Akasema anaweza, kwa madhara."

"Na wewe ukaandika."

"Bado. Kwanza aliniuliza kitu ni nini. Nikamsomea: chochote kilichotengenezwa ndani ya nyumba hii au kilichotumika humu kabla ya mwaka 1950, chenye ushahidi wa asili yake. Akasema yeye alitengenezwa pale kwenye kitanda, alitumika sana, hasa kubebeshwa ule udongo mnaoukausha na kuuchoma kama kuni, na ushahidi upo kwenye kitabu cha ubatizo. Mama, nilitafuta kosa kwenye hoja hiyo mpaka saa ya chai. Sikuliona."

Nikamnyang'anya faili nikasoma mwenyewe. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: Mzee, mmoja. Rangi ya kijivu. Hali nzuri kiasi. Goti la kushoto limelegea. Meno si ya asili. Mtoaji: yeye mwenyewe.

"Alitaka namba niiandike shingoni kwa rangi nyekundu, kama kondoo wake," Nolwenn akasema. "Nikaona kikaratasi kinatosha."

Nilikasirika, sitaficha. Nikampigia mama wa makao makuu ya makumbusho huko bara, nikamwambia kuna kitu kimesajiliwa kimakosa, akifute.

"Kikishaingia kwenye kompyuta hakitoki, mpenzi," akasema. "Mpaka kamati yenu ikae, akidi itimie, mpige kura ya kukitoa kwenye mkusanyo."

"Lakini ni mtu."

"Hiyo iandike kwenye sehemu ya malighafi."

Kamati yetu akidi yake ni watu tisa. Tulikuwa kumi na wawili. Wanne wamefariki, na hakuna aliyekuwa na roho ngumu ya kuwatoa kwenye orodha, kwa hiyo tumebaki wanane, na kati ya hao Angus na Tormod hawajasalimiana tangu kanisa letu lilipogawanyika. Mwaka wa saba sasa kamati haijapitisha jambo lolote. Hata barua ya rambirambi hatuwezi kutuma.

Nilirudi ndani nikamwambia Mzee Murdo aache utoto, avue hicho kikaratasi. Akaniangalia kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwishashinda.

"Kanuni ya kumi na moja," akasema. "Nolwenn, msomee."

Nolwenn akasoma, masikio yamemwiva. Kitu kilichosajiliwa hakiondolewi kwenye milki ya makumbusho na mtu yeyote, awe ndugu, mrithi au mtoaji, isipokuwa kwa azimio la kamati, au kwa fomu ya kuazima iliyokamilika.

"Awe ndugu," Mzee Murdo akarudia, akachovya skonzi kwenye chai.

Kumbe tangu wiki ya kwanza mzee alikuwa akimwomba yule binti amsomee Mwongozo kidogo kidogo, eti anapenda sauti yake. Na mimi nikawa nawapitia pale, natabasamu, nasema tazama wanavyopendana babu na mjukuu.

"Kenneth atakucheka," nikamwambia.

"Kenneth hajawahi kucheka fomu."

Hapo alisema kweli. Kenneth anafanya kazi ofisi ya barabara, yeye ndiye anayeamua wapi pawekwe kibao cha kondoo.

Sasa kama ulidhani namba ni namba tu, mwenzangu, umekosea kama nilivyokosea mimi. Kitu kikisajiliwa kina haki zake. Jumatatu iliyofuata Nolwenn alikuja na vipimo viwili, cha joto na cha unyevu, akavitundika juu ya kichwa cha mzee. Mwongozo unataka joto la kati na lisilobadilika. Moto wa udongo unapozidi nyuzi ishirini ilibidi tufungue mlango, ukipungua tunafunga, kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa mtu wa mlango. Akaweka na mitego ya nondo kuzunguka benchi, wasije wakala sweta. Kisha akafika kwenye ukurasa unaokataza vyakula na vinywaji karibu na vitu vya mkusanyo, na hapo Mzee Murdo kwa mara ya kwanza akaanza kujuta.

"Chai pia?"

"Hasa chai, babu."

Walibishana mpaka mchana. Mwishowe ilipatikana kanuni ndogo inayoruhusu kitu kuonyeshwa kikiwa katika matumizi yake ya asili, kama vile gurudumu la kusokotea likizungushwa. Ikaandikwa kwamba matumizi ya asili ya 214.2 ni kunywa chai na kusema watu. Ila mimi nikitaka kumpa kikombe lazima nivae glavu nyeupe. Nimemjua mzee huyu tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, alinifundisha kukamua, leo nampa skonzi nimevaa glavu kama nampelekea malkia. Na yeye alizidi kunenepa kwa fahari. Mtalii mmoja kutoka Yorkshire alipomgusa bega kumuuliza choo kiko wapi, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kondoo, "Tafadhali usiguse vitu."

Tatizo lilikuwa usiku analala wapi. Kitu cha makumbusho hakiwezi tu kwenda nyumbani. Nolwenn akakesha na Mwongozo, asubuhi akaja na jibu: nyumba ya halmashauri ya Mzee Murdo ikaandikwa kuwa ghala letu la nje. Na ghala la nje hukaguliwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, moshi, gesi, unyevu, madirisha, kisha mkaguzi anatia sahihi. Mkaguzi ni nani? Ni mimi, nani mwingine. Basi kila siku saa moja asubuhi na saa moja jioni nikawa naingia jikoni kwake na kalamu sikioni, natazama jiko, natazama dirisha, naandika. Kwa kuwa nimeshafika, nikawa napika uji. Kwa kuwa uji upo, tukawa tunakaa.

Siku moja pale mezani nikashindwa kujizuia. "Mzee," nikamwambia, "Kenneth hakuota kuhusu gesi. Nilimpigia mimi."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ulianza kuniletea keki." Akalamba kijiko. "Ulifanya ulichoona kinafaa, Dolina. Ila hukuniuliza."

Niliosha vyombo vyote vya nyumba ile siku hiyo, hata visivyokuwa vichafu. Machozi yalinitoka, na nilimshukuru Mungu kwamba sinki linatazama ukutani.

Jumapili ilikuwa na shida yake. Mzee hakosi kanisa, na kanisa liko nje ya milki ya makumbusho, kwa hiyo kila Jumamosi Nolwenn aliandaa fomu ya kuazima ya siku moja. Mchungaji alikataa kutia sahihi siku ya Bwana, akawa anatia Jumamosi kwa ajili ya kupokea na Jumatatu kwa ajili ya kurudisha. Kwenye sehemu ya mabadiliko ya hali aliwahi kuandika kwamba kitu kilipokewa kikiwa na kiburi na kimerudishwa vilevile.

Katikati ya Julai akaja mkaguzi kutoka bara, Bwana Pettigrew, mtu mrefu mwenye shingo ya bata. Nilijua leo ndio mwisho wetu. Alipitia sufuria, akapitia jembe la kukatia udongo, akafika kwenye benchi. Akasoma kikaratasi. Akamtazama Mzee Murdo, akasoma tena, akafungua kompyuta yake. Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

"Huu," Bwana Pettigrew akasema taratibu, "ndio ushahidi wa asili ulio kamili kuliko wote niliowahi kuuona visiwani."

"Asante," Mzee Murdo akasema.

"Ila kimekaa kwenye maonyesho muda mrefu mno. Vitu vinahitaji kupumzishwa. Napendekeza miezi sita gizani."

Ghala letu la ndani ni kontena la bati nyuma ya ukumbi wa kijiji, mna viti vibovu na sanamu ya mbwa. Nilimwambia Bwana Pettigrew, kwa adabu zote nilizobakiwa nazo, kwamba huyo mzee akiingia kwenye kontena mimi namfuata kwa shoka yule atakayefunga mlango. Akaacha habari za kupumzisha, akaandika kwamba wafanyakazi wana moyo wa kulinda mkusanyo. Tukapata alama ya juu kabisa, na Nolwenn akalia kwa furaha. Mzee Murdo akamfuta machozi kwa glavu zangu.

Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Alama za juu hazikuzuia kalenda. Kadiri Agosti ilivyoingia ndivyo mzee alivyozidi kuongea, tena haraka, majina ya watu, nani alimkataa nani, ng'ombe gani aliingia kwenye shamba la nani mwaka gani, kana kwamba anahamisha mzigo kabla ya mvua. Nolwenn alikuwa anaandika yote. Tarehe ishirini na sita usiku mzee hakula. Tarehe ishirini na saba nilipokwenda kukagua ghala nilimkuta amevaa suti ya mazishi.

"Kama fomu haitoshi," akasema, "nataka niondoke nimevaa vizuri."

Kenneth alifika siku ya pili yake saa tano asubuhi. Ana miaka hamsini na kitu, mpole wa sauti, koti la ofisi ya barabara limepigwa pasi. Alikuwa na sanduku jipya kabisa, bado lina lebo. Kigaeli hakijui. Mama yake, dada yake Murdo, hakumfundisha hata neno, alitaka mtoto apasi mitihani, na kweli alipasi. Kwa hiyo nilisimama katikati yao nikitafsiri, nikitamani niwe popote pengine.

"Mjomba, twende taratibu," Kenneth akasema. "Feri ni saa nane."

Mzee Murdo akamwonyesha kikaratasi.

Kenneth alikisoma. Akanigeukia. "Dada Dolina, hii ni nini?"

Nikamweleza. Nilianza vizuri, katikati nikaona jinsi ninavyosikika, lakini nikaenda mpaka mwisho: namba, Mwongozo, akidi, marehemu wanne, ghala la nje, Bwana Pettigrew. Kenneth hakucheka. Alinyoosha mkono akaomba kanuni ya kumi na moja, akaisoma mara mbili akiwa amesimama, midomo inacheza.

"Imeandikwa vizuri," akasema hatimaye. Kisha akanitazama mimi. "Lakini wewe ndiye uliyenipigia. Ulilia kwenye simu. Ulisema siku moja atajiua yeye na jirani zake."

Ilinichoma, kwa sababu ndivyo nilivyosema. Nikamletea daftari la ghala la nje, kurasa zote tangu Juni, asubuhi na jioni, jiko limezimwa, dirisha wazi, sahihi yangu. "Nilikuwa sahihi kuhusu jiko," nikamwambia. "Kuhusu mengine nilikuwa mpumbavu. Jiko lina mtu sasa."

Alilipitia lote. Mtu wa fomu hulijua daftari lililoandikwa kila siku na lile lililojazwa kwa mkupuo.

"Sitaki kuvunja kanuni," akasema. "Lakini chumba nimekipata kwa shida, na yeye ana miaka themanini na sita. Hapa pamesema kuna njia ya kuazima. Nipeni fomu, nijaze."

Nolwenn alinitazama, nikaitikia kwa kichwa kwamba ampe. Haikuwepo namna nyingine, njia ya kuazima tulikuwa tukiitumia wenyewe kila Jumapili. Mzee Murdo aliona karatasi inapita mkononi na hakuhitaji tafsiri. Akaweka kikombe chini, akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Kenneth akajaza jina lake, anwani, chombo cha usafiri. Muda wa kuazima: akaandika "wa kudumu", akakata, akaandika "usiojulikana". Kisha akageuza ukurasa, akafika sehemu ya mahitaji maalumu ya utunzaji. Hiyo ilikuwa imeshajazwa na Nolwenn tangu Julai, kwa Kiingereza, kwa mwandiko wake ule mzuri. Kenneth akaisoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu.

"'Kitu hiki huongea. Kinahitaji kuongeleshwa kwa Kigaeli kila siku, na mtu anayewajua watu kinaowataja. Kikikosa hilo huharibika. Uharibifu wake hauonekani kwa nje.'" Akashuka mstari. "'Muazimaji ataje jina la mtu atakayetimiza sharti hili.'"

Paliachwa mstari mmoja mtupu wa kuandikia jina.

"Lazima wawe na mtu," Kenneth akasema. "Wako wazee wengi pale, wametoka kila mahali. Ngoja niwaulize."

Akatoka mlangoni na simu. Tulisikia upande wake tu. Anataja namba ya chumba. Anauliza kama kuna anayezungumza Kigaeli, mfanyakazi au mkazi, yeyote. Kisha, "Ah. Pole." Kisha anauliza jina. Kisha, "Hapana, hapana, nilitaka kujua tu."

"Alikuwepo mmoja," alisema aliporudi. "Amefariki mwezi wa tano."

Nikatafsiri.

"Nani?" Mzee Murdo akauliza.

"Bibi Peigi Morrison."

"Peigi Mrefu wa Ness," mzee akasema, na uso wake ukachanua ghafla. "Namjua. Alikuwa akikusimulia mazishi unacheka mpaka unatolewa nje. Kumbe alipelekwa huko. Alikaa muda gani?"

Nikamuuliza Kenneth.

"Miaka sita."

"Akiongea na nani?"

Nililitafsiri hilo pia. Kenneth alimtazama mjomba wake kwenye suti ile ya mazishi, viatu vimepigwa rangi, mikono imeng'ang'ania benchi, na nikaona anafahamu kwamba si ubishi huo, ni hofu. Nadhani tangu azaliwe hakuwahi kumwona mzee akiogopa. Mimi pia nilikuwa sijawahi.

Akaketi kwenye kona ya benchi, suruali yake safi kwenye majivu, akaivuta fomu. Mwishoni kabisa kuna sehemu ndogo ambayo hakuna mtu anayeijaza, ya ombi linapoondolewa na muombaji mwenyewe. Inataka sababu. Kenneth akafikiri, kisha akamwinamia Nolwenn akamnong'oneza kitu, na yule binti akaanza kumtajia herufi moja moja, kwa Kigaeli, naye anaandika kwa nguvu kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliandika: Kule hakuna wa kuongea naye.

Akatia sahihi, akaandika tarehe, akampa mjomba wake.

Mzee Murdo alitafuta miwani, akaisoma karatasi muda mrefu, ingawa ilikuwa na maneno machache. Kisha akamrudishia.

"Soma," akasema.

Hilo sikulitafsiri, na Kenneth hakuningoja. Akasoma. Alisoma vibaya sana, ungedhani ana kokoto mdomoni.

"Sivyo," Mzee Murdo akasema, akaachia benchi, akamshika mkono. "Rudia."

Kenneth akarudia.